Kutoka Kaunta ya Mjini hadi Troli za Waiyaki Way

Siku yangu ya kwanza katika duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya jiji, Mwenye Duka alinipa koti la khaki lililoshonewa mtu mrefu kuniliko, akaniambia nikunje mikono. "Hapa mteja hashiki kitu," alisema. "Yeye anasema, wewe unaleta. Na usilete kabla hujamuuliza anajenga nini."

Ninyi vijana mmezoea kusukuma troli na kuchagua wenyewe. Wakati ule kulikuwa na kaunta ndefu ya mbao, na nyuma yake rafu zilizofika darini. Mtu akitaka mabati, tulimuuliza geji, yaani unene wake, kisha tukamweleza kwamba namba ikiwa ndogo bati huwa nene zaidi. Akitaka bawaba, vile vyuma vinavyoushika mlango kwenye fremu, tulitaka kujua mlango ni wa mbao laini au mbao nzito. Foleni ilikuwa ndefu, lakini mtu aliondoka na kitu kilichomfaa.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee kwenye kaunta ile, na mafundi wengine walinitazama kisha wakasema, "Niitie mwanaume." Wateja wanawake walionewa zaidi. Mama mmoja kutoka Kinoo alikuja kununua kitasa cha nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, na Msimamizi wa Kaunta akamwambia mbele ya watu wote, "Mama, enda ulete fundi, ama bwanako." Yule mama aliondoka bila kitasa. Nilimwona akisimama kando ya barabara kwa muda, kama mtu aliyesahau njia.

Jambo moja, hata hivyo, lilifanywa vizuri pale. Mtu akija kununua vishikio vya jeneza, Mwenye Duka alizima redio, akatoka kwenye kiti chake, akazunguka kaunta yote ili ampe mkono. Foleni ilinyamaza. Hakuna aliyelalamika kwamba anacheleweshwa.

Jengo lile lilibomolewa ili lijengwe jingine refu, na Mwenye Duka, ambaye alikuwa amechoka, hakutafuta mahali pengine. Mimi niliajiriwa katika duka kubwa kwenye barabara ya Waiyaki Way, lile la troli, maegesho na muziki unaotoka darini. Meneja wa Tawi, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi, alinikaribisha kwa heshima. "Mama Nekesa, hapa usimfuate mteja," alinielekeza. "Akikuhitaji atakuita."

Nililipenda duka lile. Bei ziliandikwa kwenye kila rafu, na mwenye gari kutoka Spring Valley, kwa matajiri, alilipa sawa na aliyekuja kwa miguu. Wanawake waligusa vigae kwa mikono yao, wakapima uzito wa drili, wakaenda kulipa bila kuulizwa bwana yuko wapi. Kila nilipowaona nilimkumbuka yule mama wa Kinoo.

Kisha siku moja, adhuhuri, nikamkuta Fundi Wafula kwenye sehemu yangu. Alikuwa seremala wa Kabiria, mteja wetu tangu siku za kaunta. Alisimama mbele ya ukuta wa vishikio, na kwenye troli alikuwa ameweka mbao, msasa na mkebe wa vanishi. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa mabegani.

"Fundi! Habari ya siku nyingi?"

"Natafuta vishikio, Mama Nekesa. Zile za nguvu."

"Za kabati?"

"Za Grace."

Grace alikuwa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Mjini, Wafula alikuwa akituambia habari zake hata tusipouliza. Sasa alinieleza kwamba Grace alikuwa ameugua, akalazwa, na hakurudi nyumbani.

"Watu wa nyumbani wamesema tununue jeneza lililo tayari," aliniambia. "Nimekataa. Kitanda chake cha kwanza ni mimi nilitengeneza. Na hii nitatengeneza mimi."

Darini muziki ulikuwa ukirukaruka, sauti ya msichana ikitangaza ofa ya rangi. Duka letu halikuuza vishikio vya jeneza. Nikatoa vishikio vya lango, vya chuma kizito, nikashika upande mmoja naye akashika mwingine, tukavutana kwa nguvu zetu zote pale kati ya rafu.

"Zitabeba?"

"Zitabeba, Fundi."

Meneja wa Tawi alituona akaja haraka. "Mama Nekesa, kuna shida?"

Nilimwambia mzee huyu anamtengenezea mtoto wake jeneza. Uso wake ulibadilika. Akampa Wafula mkono, akasema, "Pole sana, baba." Nilimwomba azime muziki. "Unatoka makao makuu," alinijibu kwa sauti ya chini. "Mimi sina pa kuuzimia." Nilimwamini.

Niliiacha sehemu yangu nikamsindikiza Wafula hadi kwenye kaunta ya malipo. Karani, msichana mpole asiyejua lolote, alimpa risiti kisha akamwonyesha kimashine chenye nyuso tatu: moja inacheka, moja imetulia, moja imenuna. "Mzee, bonyeza hapo utuambie leo umejiskia aje kununua na sisi."

Nilitaka kumzuia, lakini Wafula alikuwa ameshainama. Alizitazama zile nyuso. Kisha, kwa heshima, akabonyeza ile inayocheka.

Nilienda mazishini, kwao Bungoma. Vishikio vilibeba. Jeneza lilikuwa limepigwa msasa mpaka likang'aa, na wazee walilipapasa kabla ya kuliteremsha.

Sasa nimestaafu, naishi Kabiria, na watu huniuliza wakanunue wapi. Kitasa nawatuma duka kubwa, hasa wanawake. Kuhusu mambo mengine, kama vishikio vya jeneza, huwa nasita, maana lile duka la mjini halipo tena, na hata lingekuwepo, nisingesahau lilivyomfanyia yule mama.

Juzi nilipita kwenye karakana ya Wafula. Nilimuuliza kwa nini hajawahi kurudi kule Waiyaki Way; nilidhani tulimkosea.

"Hamkunikosea," alisema, mkono ukiwa juu ya randa. "Ni ile mashine. Iliniuliza, na mimi nikadanganya. Sijawahi kudanganya mtu juu ya Grace."

Ubao aliokuwa akiuranda ulikuwa unateleza mezani, basi nikaushika upande wangu, naye akaendelea na kazi.