Dakika kumi za Mama Swichi

Saa saba mchana inakaribia. Katika chumba cha mitambo cha kituo kidogo cha televisheni, mwanamke wa miaka hamsini na minane, sweta mwilini kwa sababu ya kiyoyozi, ameweka kidole juu ya swichi iliyochujuka rangi. Kwenye skrini, kituo mama, kile kikubwa cha mbali ambacho matangazo yake hurushwa hapa, kinarudia mechi ya jana.

Anabonyeza. Mechi inatoweka, inakuja picha ya mzee mwenye kofia na sauti inayosoma tangazo la kifo chake.

"Poleni, wafiwa," ananong'ona, kama kila siku.

Kazini wanamwita Mama Swichi. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akikikatiza kituo mama kwa dakika kumi, ili wenyeji wapate habari zao: nani kafariki, nani kapotea, maji yatakatika mtaa gani.

Kituo kilianza kikijitegemea, hadi kikaishiwa pumzi. Kikajiunga na kituo cha tamthilia, kisha cha michezo. Kila mara ilikuwa kipya kinyemi: jina jipya, ukuta wa nje rangi mpya, keki mapokezi. Na kila mara kipindi kimoja cha wenyeji kilikufa, kwanza cha watoto, halafu cha wakulima.

"Tumelelewa na mama wa kambo wawili, sasa anakuja wa tatu," anasema akicheka. "Kila akija mmoja, sahani zinapungua."

Siku kituo cha tamthilia kilipoingia, dakika kumi za Mama Swichi zilisogezwa kutoka saa saba hadi saa nane. Lakini mazoea yana taabu. Saa saba mkono ukabonyeza wenyewe, mkurugenzi mpya akiwa hewani katikati ya hotuba ya uzinduzi. Mahali pake ikatokea picha ya fundi cherehani, marehemu.

"Meneja wa wakati huo aliingia mbio, shati limechomoka. 'Mama, umemzika bosi!' Nikajua leo kibarua kimeota nyasi."

Alisimamishwa mwezi mzima bila mshahara. Lakini binti wa yule fundi, ambaye ndugu zake hawakujua hata anakoishi, aliliona tangazo akiwa saluni katika mji wa pili. Akapanda basi, akawahi mazishi.

"Lingetoka saa nane, ningekuta udongo," binti huyo, leo mwenye wajukuu, aliliambia gazeti hili. Yeye ndiye aliyekwenda kumlilia meneja hadi dakika kumi zikarudishwa saa saba, na Mama Swichi kitini pake.

Mwezi ujao kituo kinajiunga na kituo cha habari ambacho mitambo yake hujiendesha yenyewe. Meneja wa sasa hafichi.

"Mkataba hauna nafasi ya dakika kumi. Nimewaomba, wako kimya," anasema, macho chini. Inauma kumsikia.

Mama Swichi anastaafu mwakani, kwa hiyo hagombei kiti. Jumatatu yeye na binti wa fundi cherehani watasafiri kwenda kuonana na wakubwa wapya, ana kwa ana.

"Jina wachukue, rangi wachukue, hata swichi waing'oe," anasema. "Dakika kumi watuachie."

Anaitazama saa ya ukutani.

"Marehemu wote wa hapa nimewatangaza mimi, mwanangu. Siku yangu ikifika, watu watajuaje?"