Baiskeli Bila Mtu

Mimi Truphosa sipendi kulaumiwa, lakini kwa hili lawama ni yangu na nimeikubali. Picha niliipiga mimi, kwa kidole hiki hapa.

Damien alikuwa jirani yangu mtaa wa Bordesley Green, huku Ulaya. Yeye chumba cha juu, mimi cha chini. Mtu wa Uvira, fundi wa baiskeli katika duka la Tarsem kule Nechells. Aliniita Yaya. Kwao yaya ni dada mkubwa, kwetu Kenya ni mlezi wa watoto, nami nilishamwambia mara mia, "Wazee ninaowaogesha Great Barr wananitosha, usiniongezee kazi." Alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Mwaka 2006, mwezi wa nane, daktari alimwambia ni kansa ya tumbo na imeshasambaa. Akaniambia palepale kwenye ngazi, mfuko wa viazi mkononi, halafu akaniapisha nisimwambie mtu wa kanisani. Kanisa likijua leo, kesho Uvira yote imejua, na mama yake yuko Uvira.

"Mama alishamlilia baba," alisema. "Sitaki aanze kunililia mimi wakati bado napumua."

Hilo tu ndilo alilotaka: mama ajue mwanawe yuko hai na ni mzima. Shida ni kwamba mama alikuwa anadai picha. Miaka minane hajamwona, kila simu ni hiyohiyo, tuma picha nikuone. Na Damien wakati huo alikuwa amebaki shingo na macho.

Basi ikaingia dukani baiskeli moja ya zamani, Hercules, nyeusi, breki za vyuma, keria kubwa nyuma. Baba yake alikuwa na kama hiyo, alibebea samaki. Damien alikimbia vita mwaka 1998, na baba akauawa wiki chache baadaye. Habari alizipata kwa simu tu. Aliponiambia kuhusu hiyo baiskeli macho yalimjaa. Aliitengeneza wiki tano, robo saa kazi, nusu saa amelala kwenye magunia.

Kila Oktoba Tarsem aliwakusanya wenye baiskeli za zamani wakaendesha pamoja kando ya mfereji. Damien akasema lazima aende. Nilitoka shifti ya usiku, nikaazima baiskeli, nikamfuata nyuma nikinung'unika. Majani ya manjano yamejaa njiani, yanateleza, magari ya barabara kuu ya M6 yananguruma juu ya vichwa vyetu. Alikokota zaidi ya kuendesha. Wenzetu wakatupita wote. Karibu na daraja la matofali akaiegemeza ukutani.

"Yaya, piga."

Nikainua kamera. Yeye akasogea pembeni.

"Rudi, wewe! Sasa nampiga nani?"

"Mama asione hii sura. Piga kinga tu." Kinga ndiyo baiskeli kwao. "Akiona inafanana na ya baba atafurahi. Atajua mtoto wake ni fundi huku Ulaya."

Niliona ni upuuzi, lakini baridi ilikuwa inaniuma na usingizi umenikaba. Nikapiga. Na ilitoka nzuri, jamani, hiyo ndiyo inayoniuma.

Mchungaji wetu Gédéon alikuwa anasafiri Bujumbura, akaibeba, kutoka hapo ikavushwa mpaka Uvira. Siku ya tisa simu ikalia nikiwa namnywesha uji. Akaweka spika. Nyuma tulisikia wanawake wanaomboleza. Aliyepiga ni Orpha, dada yake mdogo.

"Ni nani ameshika simu ya kaka yangu?"

"Ni mimi, Orpha. Damien."

Yule dada alipiga ukelele mpaka uji ukanimwagikia.

Ndipo tukaelezwa. Baba alipouawa, mwili haukupatikana, ni baiskeli tu iliyookotwa kando ya barabara. Waliiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, wakakalia matanga mbele yake siku tatu, na mpiga picha wa parokia akaipiga peke yake. Picha hiyo ilitundikwa juu ya kitanda cha mama. Damien alikuwa ameshakimbia, na hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa bahasha imefika kutoka Ulaya, ndani baiskeli nyeusi, imeegemea ukuta, bila mtu. Mama hakuuliza kitu. Aliitundika kando ya ile ya kwanza, akaita watu waje matanga.

Mama mwenyewe akachukua simu. Hakuamini. "Lile kovu la goti ulilipata wapi?"

"Nilianguka na kinga ya baba, mama."

"Kama uko hai, panda juu yake nikuone."

Simu ilipokatika nilimwambia Damien amweleze mama ukweli. Akakataa. Nilimfokea, Mungu anisamehe, nilimfokea mgonjwa mpaka nikalia.

Mwisho wa Novemba tulirudi palepale kwa gari la Tarsem. Miti imebaki mifupa, njia ni matope matupu. Tulimvalisha sweta tatu na makoti mawili ili aonekane mnene. Lakini kila tukimwachilia juu ya kiti, anainama pembeni. Ikabidi nipige magoti kwenye matope nyuma ya baiskeli, nijifiche kwenye mikunjo ya koti, nimshike kiuno kwa mikono miwili. Tarsem akachukua kamera. Nikamwambia Damien, "Cheka basi, wewe mkaidi." Alicheka, najua kwa sababu mbavu zake zilitikisika viganjani mwangu.

Jibu la picha hiyo lilifika Januari, Damien amelazwa hospitali pale jirani. Orpha aliandika maneno ya mama. Damien hakuweza tena kusoma, akaniambia nimsomee. Barua ilikuwa hivi: *Mwanangu, nimekuona. Nimeona na vidole vya mtu vilivyokushika kiunoni. Mwambie asikuachilie.*

"Amesema nini?"

"Amesema umenenepa."

"Hakujua?"

"Hakujua."

"Bon, vizuri," akasema, na kweli uso wake ulitulia. Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Nilitaka kwenda kupiga kelele chooni, lakini alikuwa anateleza kwenye mito, nikapanda kitandani nikamshika kama pale mferejini. Akafa kesho yake asubuhi, nikiwa nimemshika vilevile.

Nilipopiga Uvira, mama mwenyewe alipokea. Nikajitaja jina. Hakuniuliza kilichotokea.

"Wewe ndiye mwenye ile mikono?"

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa bado imemshika?"

"Ndiyo, mama," nikasema, na hapo sikudanganya.