Marehemu Melquiades Alipiga Kura ya Ndiyo

Melquiades tulimzika mwezi wa tatu. Mwezi wa tisa akapiga kura.

Msinicheke. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopiga kura, iliyobandikwa ukutani hapa kiwandani kwetu, Acuña, Meksiko, na sahihi pembeni, safi kabisa.

Miaka tisa tulikaa benchi moja, tukifunga nyaya za magari yanayovuka mpaka kwenda Marekani.

Kura ilikuwa ya kuukubali au kuukataa mkataba wa kazi uliosainiwa kwa niaba yetu na chama cha wafanyakazi ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Chama hewa. Tukisema "hapana", tunachagua wasemaji wetu wenyewe na kudai mshahara wa maana.

Meneja wetu, Injinia Baltazar, alituita kabla ya siku yenyewe.

"Biashara huria inaturuhusu kuhamia Honduras hata kesho. Kwa hiyo pigeni kura vizuri."

"Ndiyo" ikashinda.

Nikamfuata. "Injinia, Melquiades amekufa."

"Basi kafufuka, Yadira. Rudi kwenye nyaya zako."

Nilichemka mpaka masikio yakawaka moto.

Ikafika Novemba, na Siku ya Wafu. Kila mwaka tunaandaa meza ya marehemu kantini: picha, maua ya njano, mkate, na vitu walivyovipenda. Baltazar huringa nayo, huwaleta wateja wa Kimarekani waipige picha.

Doña Chabela, mjane wa Melquiades, alileta sigara za mumewe na cheti cha kifo.

"Ile orodha ya kura unayo, mwanangu?"

"Ninayo nakala."

Tukaviweka chini ya picha yake, bega kwa bega.

Wageni wakapiga picha. Mama mmoja kati yao anayejua Kihispania akasoma, akarudia.

"Huyu bwana alipigaje kura?"

Baltazar akakohoa.

"Muulize injinia," akasema Doña Chabela. "Ndiye aliyemfufua."

Picha zikasambaa. Kumbe makubaliano yaleyale ya biashara tuliyotishiwa nayo yana kipengele: kiwanda kikichezea kura za wafanyakazi, bidhaa zake zinaweza kuzuiwa mpakani. Tukapeleka malalamiko. Kura ikarudiwa, wakaguzi wamesimama mlangoni.

"Hapana" ikashinda mchana kweupe. Chama hewa kikayeyuka.

Honduras? Mashine bado zipo hapa. Wakizing'oa, watakuta wenzetu wa kule tumeshawapigia simu.

Siku ile ya ushindi wenzangu walininyanyua juu juu. Nikawaomba wanishushe, maana kuna jambo nilikuwa sijawaambia.

"Mara ya kwanza mimi nilipiga 'ndiyo'," nikasema. "Niliiogopa Honduras. Kura ya Melquiades waliiiba. Yangu niliwapa kwa mkono wangu, nikiwa hai."

Nilitamani ardhi inimeze.

Doña Chabela akanishika bega. "Hukuwa peke yako, mwanangu. Leo je?"

"Leo nimesema hapana."

Ndugu msomaji, wakikutisha kabla ya kura, usidhani wewe ni mnyonge. Asiyeiogopa kura yako hawezi kuhangaika kufufua wafu.