Jina Ambalo Paulina Hakulisoma

Nayasema haya kwa aibu, na sitaki kuhurumiwa. Nilifika kufundisha Hanang na shahada mbichi, kichwa kimejaa uhakiki wa kifeministi. Kidato cha tatu nikawapa riwaya ya zamani yenye mume anayeitwa Daudi na mke asiyefungua mdomo kitabu kizima. "Tuisome kwa jicho la huyu mke," nikawaambia.

Paulina akasoma kwa sauti. Kila alipofika kwenye Daudi alisema "yule mzee". Nikamsahihisha mara mbili. Akainamisha kichwa, akarudia "yule mzee". Mimi nikafurahi kama mjinga.

"Mmesikia? Amekataa kulitaja jina la mnyanyasaji! Mpigieni makofi ya kilo!"

Wakapiga wavulana tu. Mdogo wake, anayesoma naye darasa moja, akanyoosha mkono.

"Madam, Daudi ni jina la baba mkwe wake. Kwetu mke halitaji. Alichukuliwa kuolewa likizo iliyopita. Ng'ombe wameshafika nyumbani."

Mimi ni mzaliwa wa Bashay. Tulipakana na Wabarbaig, watu wa kina Paulina, na mwiko huo niliujua kabla sijajua kusoma.

Paulina alikuwa bado amesimama, kitabu mkononi, akisubiri nimwambie akae.