Salamu Moja kwa Wote

Mama anafanyia kazi sebuleni, hapa kwetu Pugu, kwenye meza ya chakula upande wa dirishani, maana ndiko mtandao unakoshika. Anaongoza watu sita wanaopokea simu za wateja wa kampuni moja inayouza taa za sola. Hakuna hata mmoja anayekaa Dar. Kila mtu yuko kwao: Mbeya, Mwanza, Tanga.

Likizo hii nilikuwa nasikiliza kikao chao kila asubuhi huku nachagua mchele. Mwanzoni salamu zilikuwa ndefu. Umeamkaje, za nyumbani, mtoto kapona, mvua huko vipi. Bosi wao, ambaye yuko Nairobi, akalalamika kwamba kikao kinakula muda, na kweli wengine bando lilikuwa linakata kabla kazi haijatajwa. Mama akaweka utaratibu: salamu moja kwa wote.

"Jamani, habari za asubuhi?"

"Nzuri!"

"Haya, kazi."

Mie niliupenda. Nina aibu sana, kusalimia watu kunanitoaga jasho. Mgeni akija najifanya nina kazi jikoni.

Baadaye mmoja wao, dada wa Tanga, akaanza kuharibu. Simu za wateja zinaita kwake, hapokei. Kwenye kikao kazima kamera. Mama akimuuliza, anasema ni mtandao. Wenzake wakamtania, "Vipi sista, huko Tanga jua halijachomoza?" Wakacheka.

Bosi akaandika kwamba hadi Ijumaa dada huyo awe ameondolewa kazini. Mama alisoma ule ujumbe amesimama, halafu chakula hakugusa.

Alhamisi mchana akampigia dada wa Tanga, simu kaiweka spika. Nikainuka nitoke, akanipungia mkono nikae. Nadhani hakutaka kuwa peke yake.

"Habari za huko, mdogo wangu?"

"Nzuri, dada."

Badala ya kumwambia, mama akaendelea kusalimia tu, kama mtu anayezunguka nyumba kwa sababu anaogopa kugonga mlango.

"Za nyumbani?"

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima, alhamdulillah."

"Na mzee wako, hajambo?"

Nikadhani mtandao umekata.

"Mzee tumemzika, dada. Arobaini yake bado."

Mama akaketi.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi? Asubuhi tunaitikia nzuri wote, tunaingia kwenye kazi."

"Pole, mdogo wangu. Pole sana."

"Nishapoa," akasema, na hapo hapo akaanza kulia.

Mama hakumwondoa. Alimwandikia bosi kwamba mtu huyu kafiwa na baba, na kwamba wenzake watagawana zamu zake mpaka arobaini ipite. Bosi alichelewa kujibu. Ijumaa nzima mama alikuwa akiigeuza simu yake mezani, kifudifudi, kisha chali. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: sawa, ila simu yoyote isipopokelewa itakuwa juu ya mama.

"Ingekuwa ofisini," mama akaniambia, "ningemwona kajifunga kanga kichwani, ningejua. Tungechanga, tungeenda kuzika."

Jumatatu aliacha ule utaratibu. Akasalimia mmoja mmoja, na kila mtu akampa pole dada wa Tanga. Yule wa utani wa jua alishindwa kumaliza sentensi. Kikao kikawa kirefu, na mama hakuangalia saa.

Mwishoni akanigeuzia kamera. "Na binti yangu anawasalimu." Nilitamani sakafu ipasuke.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia dada wa Tanga, sauti imekauka. "Za masomo?"

"Nzuri."

Alikuwa anasubiri.

"Hesabu zinanishinda," nikamwambia.