Mama Pasi na Jina la Kunong'ona

Huyu ni Mama Pasi, Mshika Moto, Asiyekaa. Binti wa mchimba visima aliyepata maji pale wenzake walipokunja kamba wakaondoka. Mjukuu wa mkunga aliyezalisha wanawake huku mwenyewe ana homa. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Anayemjua tangu hajaota meno ni mimi, kwa hiyo asitokee mtu wa kunisahihisha.

Kazi yake ni kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Mashine zinanguruma, mvuke umejaa, na anayetaka kusikika apaaze sauti. Hata chakula anakula kasimama, macho mlangoni, utadhani gari linamwacha.

Binti yake alipopata mimba, mkwe, mwalimu wa historia, alitaka mtoto apewe jina la watu wa kale. Kila jioni alikuja na majina ya wafalme: wa Misri, wa Kushi, wa Babeli. Mama Pasi hakuyakataa, aliyapeleka kazini. Kwake jina hupimwa kwa sauti. Analiita kutoka kwenye pasi, na mwenzake wa mashine za kukaushia, kule mwisho wa chumba, akilipata lote, jina limepita.

"Nebukadneza!"

"Mama weee, ukimwita huyo kula, chakula kitapoa hujamaliza jina!"

Likafia hapo. Lakini "Taharka!" lilipenya mvuke mpaka wakunja mashuka wakageuka. Jina la mfalme wa Kushi! Siku ile alirudi nyumbani kifua mbele kama aliyeshinda kesi.

Kisha mtoto akaja kabla ya siku zake. Wa kiume, mdogo, ngozi laini kama ganda la kitunguu, akawekwa katika sanduku la kioo lenye joto. Mama Pasi alifika hospitali na aproni yake ya kazi. Akainama, akajaza kifua, akaita:

"Taharka!"

Mtoto akashtuka mwili mzima. Mashine ya pembeni ikaanza kulia. Muuguzi akaja mbio.

"Bibi! Humu tunanong'ona. Huyu nguvu alizonazo ni za kuvutia pumzi tu."

Nilimwona mdogo wangu, mtu wa kucheza na moto, ameshika ukuta.

Tulipotolewa nje koridoni, binti yetu akasema uamuzi aliouficha muda wote.

"Mama, yule mtoto wa kwanza nilimpa jina, tukamzika nalo. Mpaka leo nikisikia mtu anaitwa hivyo, nageuza njia. Huyu simpi jina mpaka atoke mle."

"Na asipotoka?" Mama Pasi akauliza.

Binti akageukia ukuta.

"Aondoke hajaitwa na mama yake hata mara moja? Uchungu hauulizi jina, mwanangu. Ukitaka kuja, unakuja." Akamgeukia mkwe. "Na wewe mwalimu, hao watu wako wa kale wote walikuwa wafalme? Hakuna aliyefua nguo? Hakuna aliyezaa mtoto dhaifu akamtakia uzima?"

"Walikuwepo, mama." Mkwe akakuna kidevu. "Kule Misri watu wa kawaida walikuwa na jina Senebu. Maana yake mwenye afya, mzima."

"Liseme taratibu."

"Senebu."

Basi akaanza kuzunguka koridoni, kwenda na kurudi, analipima kwa pumzi tu, midomo inacheza, watu kwenye mabenchi wanamtazama kama amerukwa na akili. Nikamwambia akae.

"Kaa wewe dada, wenye magoti mabovu ndio hukaa." Akaja akaninong'oneza sikioni: "Senebu." Akarudi nyuma hatua, akanong'ona tena. "Umelipata?"

"Nimelipata lote."

Muuguzi akatoa kichwa mlangoni: aingie mmoja. Mkwe akasogea, Mama Pasi akamzuia kwa kiwiko. Nikadhani ataingia yeye. Wapi! Alimshika binti mabega, akamgeuza kuelekea mlango.

"Siwezi," binti akasema. "Mama, ingia wewe."

"Yangu sauti ya mashine. Yako ndiyo anayoijua tangu tumboni. Kila ukimpelekea maziwa, mwite. Akilala, mwite. Ukiogopa, mwite hivyo hivyo unavyoogopa. Hiyo kazi nimekuachia wewe. Haya, nenda."