Baba Bila Miwani

Mume wangu ni fundi bomba, na ukitaka kumkera mwambie afanye haraka. Bomba limepasuka kwa mtu, maji yamefika kwenye vifundo, yeye kwanza atauliza limeanza kuvuja lini. Mimi sina moyo huo. Mimi chai ikichelewa kuchemka naigombeza. Tumeoana hivyo hivyo na tunapendana, ila kuna siku natamani nimsukume kwa nyuma kama gari bovu.

Kazi ya mabomba ndiyo iliyomfundisha epoksi. Ni madonge mawili ya rangi tofauti. Unayakanda mpaka yawe rangi moja, unaziba ufa, linakauka linakuwa jiwe. Siku moja alibakiwa na donge mkononi, akalifinyafinya, likawa sanamu ya bosi wake mzima mzima na tumbo lake. Tangu hapo meza yetu ya jikoni si ya kulia tena. Imejaa watu wa kimo cha kidole gumba: kinyozi, mshona viatu, mama mwenye nyumba wetu amekunja uso. Hao huwatengeneza kwa epoksi ya kijani, inayovutika kama chingamu na kukubali hata kope za macho. Huwachonga kwa sindano na kijiti cha meno, kimya, ulimi umemtoka nje kidogo.

Mama yangu anaishi nasi. Macho yake yalififia taratibu mpaka yakazima kabisa, na hilo alishalizoea. Lakini asubuhi moja nikiwa namchana nywele akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimeanza kumsahau baba yako. Sauti yake ninayo. Uso ndio unanitoka."

Niliumia. Picha za marehemu tunazo, lakini kwa mama picha ni karatasi tu.

Nikambana mume wangu amtengeneze baba. Akamtengeneza kwa ile ya kijani, mpaka vifungo vya shati. Mama alipowekewa kiganjani alimgeuzageuza vidoleni, akasema, "Mkwe wangu, Mungu akubariki. Ila umenipa punje ya dengu." Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana nilimwona mama ameinamisha kichwa.

Basi ikabidi kifanywe kichwa cha kujaa mikono miwili. Hapo ndipo tulipogombana.

"Ya kijani haifai," akasema. "Kwa kitu kikubwa ni kufuja, halafu ikikauka haikubali msasa."

"Si utumie ya mabomba? Umejaza begi zima."

"Ile itakauka kabla sijafika kwenye pua."

"Basi anza na pua."

Akanitii, maana nilimsimamia kichwani. Alifanya kipande kipande, kila kipande kinakauka kabla hakijakaa sawa, na mwisho tukapata kichwa kama bodi ya gari lililogongwa likanyooshwa kwa nyundo. Nilitoa miwani ya baba kwenye droo nikamvisha. Ikateleza mpaka kidevuni.

"Nitaigandisha na gundi," akasema mume wangu, kinyonge.

Mama akapapasa kile kichwa kwa muda mrefu. "Huyu ni nani?" akauliza. Hakuwa anatania, alikuwa anauliza kweli. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mume wangu hapandishi sauti, lakini siku hiyo aliniambia, "Safari hii niache." Akakisugua kile kichwa kwa msasa mpaka kikabaki fuvu, kisha juu yake akaanza kupaka epoksi ya aina ya tatu, ya kijivu, inayouzwa kwenye makopo mawili. Hiyo inabaki laini nusu siku nzima, na unailainisha kwa kidole chenye maji.

"Hii inanisubiri," akasema.

"Umepata pacha wako," nikamwambia.

Siku yake ya mapumziko alikaa na picha mbele yake tangu asubuhi. Kufikia mchana baba alikuwa pale mezani ananitazama, nikalia bila kuona haya. Tukamwacha akauke. Mume wangu akatoka kuosha vifaa, mimi nikashika vitunguu vyangu. Mama akaja anapapasa ukuta, akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha mikono kutafuta kikombe, akakuta kichwa. Vidole vikazama.

Mume wangu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Mdomo ulimfunguka ukajifunga, maana nani atamwambia mama mkwe wake atoe mikono? Wangu ulikuwa tayari, lakini akanishika bega. "Mwache," akanong'ona.

Mama hakutoa mikono. Alipita kwenye paji la uso, akashuka mashavuni, akarudi kwenye pua. "Hapa hapajakaa sawa," akasema. Kisha akaweka ncha za vidole viwili juu ya pua, kimoja kila upande, akabonyeza taratibu. Vikabaki vishimo viwili.

"Miwani ilikuwa imemla hapa," akasema. "Tangu ujana." Akapapasa tena. "Haya. Ndiye."

Mimi ni binti yake yule mzee, nimekulia magotini pake, na vile vishimo sikuwahi kuviona. Kwenye picha zote miwani imekaa juu yake.

Mume wangu akaleta beseni na sabuni, kwani epoksi mbichi inawasha ngozi. Nikamnawisha mama huku anacheka peke yake, na moyo wangu ukatulia. Fundi hakuigusa ile pua tena.

Kesho yake baba alikuwa amekuwa jiwe. Nikaitoa miwani kwenye droo, nikamvisha. Ikakaa yenyewe, bila gundi. Nilifurahi mpaka nikaushika mkono wa mama nikaupeleka pale aone.

Aliigusa miwani, akaivua polepole, akaikunja, akanirudishia.

"Kaiweke kwenye droo," akasema. "Akiwa na mimi alikuwa anaivua."